Mto hauzai dhahabu: mchanga wa Lupa ulivyoijenga Chunya, na kwa nini uliisha

Kifuku, yaani msimu wa mvua, kikishapita Chunya, watu hurudi kwenye makorongo yaleyale yaliyochimbwa na baba zao, pengine na babu zao, wakiwa na karai, chepe na sululu. Hawaendi bure. Kijito kilichohesabiwa kuwa kimekwisha hutoa tena chembe mbili tatu, na kwa mtu anayeuza kidogo kidogo hata chembe hizo ni hela ya sukari na chumvi. Ndivyo ilivyojengeka imani kwamba mto huzaa dhahabu: ukiuacha upumzike mwaka mmoja, unajijaza wenyewe.

Imani hiyo ina ukweli wake kidogo, na nitaufikia. Lakini mto, hata uwe na maji mengi namna gani, hauwezi kutengeneza dhahabu. Unaichambua tu. Dhahabu ilitengenezwa zamani mno, chini kabisa ya ardhi, kwa njia isiyohusiana na mto hata kidogo. Usipotenganisha kazi hizo mbili, ya kutengeneza na ya kuchambua, historia ya Lupa haieleweki: kwa nini wageni walimiminika miaka ya 1930, kwa nini walitawanyika, na kwa nini leo ukifika Makongolosi au Matundasi unachosikia ni kelele za makarasha yanayosaga mawe.

Kwanza tujue tuko wapi. Uwanja wa dhahabu wa Lupa uko kaskazini ya jiji la Mbeya. Ukitoka mjini unapanda safu ya milima ya Mbeya, yenye kilele kinachozidi mita 2,800, unapita baridi na ukungu wa kule juu, kisha unateremka upande wa pili na nchi inabadilika kabisa. Mashamba ya viazi yanakwisha, miombo inaanza, udongo unakuwa mwekundu na vumbi halina adabu. Chunya mjini, Makongolosi, Matundasi, Itumbi na Lupatingatinga ziko mkoa wa Mbeya. Saza na Mkwajuni, ambazo zamani zilikuwa wilaya hiyohiyo ya Chunya, sasa zimo mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016. Mito ya huku, Lupa na Luika ikiwemo, maji yake huelekea Ziwa Rukwa. Msomaji wa mbali asichanganye: tunayo mito miwili inayoitwa Songwe. Mmoja unakwenda Rukwa, mwingine unakwenda Ziwa Nyasa na ndio mpaka wetu na Malawi. Habari hii ni ya upande wa Rukwa.

Ilikotoka

Miamba ya Lupa ni mikongwe. Baadhi ya graniti zake zina umri wa takriban miaka bilioni 2.7, na ni ukingo wa kusini magharibi wa pande kubwa la miamba ya kale ambalo wanajiolojia huliita Kratoni ya Tanzania. Karibu miaka bilioni 1.9 iliyopita, pembezoni mwa pande hilo mabamba ya ardhi yalisukumana, ukaundwa ukanda wa milima unaoitwa Ubendi. Milima yenyewe imekwisha kuliwa na mmomonyoko siku nyingi. Mizizi yake ndiyo tunayoikanyaga.

Msukumano huo uliipasua miamba. Kwenye nyufa ndefu yakapita maji ya moto yaliyotoka kilomita kadhaa chini, yenye joto la nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, yamebeba chumvi, gesi ya kabonidayoksaidi na salfa. Salfa ndiyo mchukuzi: huishika dhahabu, ikakaa imeyeyuka ndani ya maji. Mgandamizo ukishuka ghafla, kwa mfano ufa unapofunguka kwa tetemeko, au maji yakikutana na mwamba wenye chuma kingi kinachoinyang'anya ile salfa, dhahabu inaachwa hapohapo. Inaganda pamoja na kwatzi, lile jiwe jeupe ambalo kila mchimbaji wa Chunya analifahamu, na pamoja na pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa na kuwadanganya wageni. Matokeo ni mkanda: ukuta mwembamba wa kwatzi unaopita ndani ya mwamba, pengine wa upana wa kiganja, pengine wa mita kadhaa.

Mwamba wa kawaida duniani una gramu moja au mbili tu za dhahabu katika tani 1,000. Mkanda unaostahili kuchimbwa una gramu mbili, tano, hata kumi katika tani moja. Maana yake ni kwamba maji ya moto yaliikusanya dhahabu mara elfu na zaidi kabla hata mto mmoja tunaoujua leo haujakuwepo. Hiyo ndiyo kazi ya kutengeneza, na ilifungwa zamani hizo.

Wapo wanaodhani dhahabu ya Mbeya ilitemwa na volkano, kwa kuwa Rungwe iko jirani na chemchemi za Songwe zinachemka mpaka leo. Sivyo. Volkano za Rungwe ni za juzi kwa hesabu ya miamba. Kyejo, mojawapo ya hizo, ilitoa lava yake ya mwisho takriban mwaka 1800, wakati mikanda ya Lupa ilikuwa imetulia ardhini kwa karibu miaka bilioni mbili. Ndiyo sababu mtu wa Tukuyu anayechimba choo hukutana na majivu ya volkano na udongo mzuri wa ndizi, wala si dhahabu.

Bonde la ufa lilichangia kwa namna nyingine. Ufa mkubwa unaotenganisha nyanda za Lupa na bonde la Rukwa, wanajiolojia wanauita kwa jina hilohilo la Lupa. Upande wa Rukwa ulididimia, ukajaa mashapo yenye unene wa kilomita nyingi. Upande wa Lupa ukabaki juu. Mto uliokuwa ukitambaa kivivu ukajikuta una mteremko, ukapata nguvu ya kukata. Jua na mvua za kitropiki zilikuwa zimekwisha kuulegeza mwamba: pairaiti huoza ikawa kutu, na rangi nyekundu ya udongo wa Chunya ni kutu ya madini ya chuma, kwatzi hupasuka, mawe mengine huwa tope. Dhahabu haiozi wala haipati kutu. Kila mita ya mwamba iliyoliwa na mvua iliacha dhahabu yake, kwanza palepale juu ya mkanda, halafu ikiteremka polepole na vifusi vya mlima, mwishowe ikaingia kijitoni.

Mto unavyochambua

Hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu mambo mengi yanayosemwa vijiweni kuhusu dhahabu ya mtoni yangenyooka kama watu wangejua hesabu moja ndogo.

Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3. Ya kwatzi ina gramu 2.65. Tofauti ni mara saba na ushei. Lakini ndani ya maji tofauti hiyo hukua, maana maji hukiinua kila kilichozama kwa uzito wa maji kilichoyasukuma, na kwa ujazo uleule kiasi ni kilekile: toa gramu moja kila upande. Unabaki na 18.3 dhidi ya 1.65, yaani mara 11. Aliyewahi kumwona mama akipepeta mpunga wa Kyela kwenye ungo ameshaiona kanuni yenyewe. Mto unafanya hivyohivyo kwa maji badala ya upepo, usiku na mchana, kwa mamilioni ya miaka.

Uzito peke yake hautoshi, ukubwa wa chembe nao una kauli. Punje ya dhahabu huzama kwa mwendo sawa na punje ya kwatzi iliyo kubwa kuliko yenyewe mara tatu hadi mara kumi hivi. Kwa hiyo dhahabu ya ukubwa wa punje ya chumvi huangushwa mahali mto unapoangusha changarawe. Mahali penye mchanga laini mtupu, wa kupendeza kwa kujengea, mara nyingi hapana kitu cha maana, na mzoefu hupapita bila kuinama.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitambui: siku za kawaida mto hausogezi dhahabu kabisa. Maji ya Septemba, yale yanayofika vifundoni, hayana nguvu hiyo. Dhahabu husogea siku za mafuriko, pale ambapo kitanda chote cha mto, mawe kwa mchanga, kinapoinuka na kutembea. Katika mtikisiko huo vitu vizito hupenya kati ya vyepesi vikashuka chini, na havisimami mpaka vikutane na kitu kisichopenyeka. Ndiyo maana dhahabu nzuri hukaa chini kabisa, juu ya mwamba mama, na hupenda zaidi mwamba wenye matabaka yaliyosimama wima na kuukatiza mto, kwa sababu kila mwanya unakuwa mtego. Wakati mwingine kinachoizuia ni tabaka la mfinyanzi, mchimbaji akadhani amefika mwisho kumbe mwamba uko mita mbili chini zaidi.

Kwa mto wa milimani, orodha ya mitego ni fupi: nyuma ya jiwe kubwa, upande wa ndani wa kona, mahali mteremko mkali unapoishia kwenye tambarare, na pale mito miwili inapokutana na mmoja kuuzubaisha mwingine. Kuna mahali pengine ambapo mgeni hapatazami: juu, mbali na maji. Mto uliokata chini kwa sababu ya kuinuka kwa nchi huacha vitanda vyake vya zamani vikining'inia pembeni kama matuta, mita kadhaa juu ya maji ya leo. Mchanga wa matuta hayo ulichambuliwa sawasawa na ule wa mtoni.

Dhahabu nzito haisafiri mbali. Iliyo karibu na mkanda wake ina pembe na makwaruzo, pengine bado imeshikana na kipande cha kwatzi. Iliyokwenda mbali imepondwa na mawe ikawa bapa, ncha zake zimeviringika. Ile laini kama unga, tena bapa, inaweza hata kuelea kwa sababu maji hayailoweshi vizuri, na hiyo huenda na mkondo hadi Rukwa. Asitokee mtu akadhani ziwa limejaa dhahabu. Imetawanyika ndani ya mashapo mengi kiasi kwamba hailipi hata mafuta ya pampu.

Tazama karai lenyewe. Mchimbaji analijaza mchanga uliokwanguliwa juu ya mwamba, analizamisha, anafikicha mabonge ya tope kwa vidole mpaka maji yawe kama chai ya maziwa. Anatupa mawe makubwa baada ya kuyasuuza, maana dhahabu hupenda kunata kwenye tope lililogandamana nayo. Kisha anatikisa kulia na kushoto, haraka, bila kumwaga: hapo anaigiza mafuriko. Baada ya hapo ndipo anaanza kuinamisha ukingo na kuruhusu maji yachukue tabaka la juu, kidogo kidogo, akirudia kutikisa kila mara. Kinachobaki mwishoni ni kijiko cha mchanga mweusi, wenye madini ya chuma yanayonaswa na sumaku, mazito karibu mara mbili ya kwatzi. Anaweka maji kidogo, anayazungusha taratibu, mchanga mweusi unatanguliana kama mkia, na nyuma yake, ikiwa siku ni njema, zinabaki chembe za manjano ambazo hazitaki kusogea. Pairaiti hung'aa ukiigeuza juani na hufifia ukiiwekea kivuli. Dhahabu ina rangi ileile kivulini.

Chembe moja yenye milimita moja kila upande ina uzito wa miligramu 19. Zinahitajika 52 kupata gramu moja. Zikiwa za sehemu ya kumi ya milimita, ambayo macho ya wengi wetu huiona kwa shida, zinahitajika karibu 52,000. Tuseme mchanga una nusu gramu katika mita moja ya ujazo. Karai la lita kumi ni sehemu moja ya mia ya mita hiyo, kwa hiyo kila karai lina miligramu tano, na gramu moja inataka makarai 200. Hapo hatujahesabu udongo wa juu usio na kitu, ambao lazima uondolewe kwanza kufikia tabaka lenyewe.

Ndipo ukaja mwalo: ubao au mfereji ulioinamishwa, umetandikwa magunia au kapeti chakavu. Maji hupitisha mchanga, vizito vinanaswa kwenye nyuzi, halafu magunia yanafuliwa ndani ya pipa. Mwalo unapitisha kwa saa moja kile ambacho karai lingepitisha siku nzima, ila unataka maji, na maji ndiyo mtihani wa Chunya. Mvua huishia kwenye milima ya Mbeya, dhahabu iko upande mkavu. Vijito vingi hukauka kiangazi.

Miaka kumi ya mchanga

Wakati wa Wajerumani mgodi wa dhahabu uliojulikana ulikuwa Sekenke, kule Iramba, ulioanza mwaka 1909. Dhahabu ya mchangani ya Lupa ilianza kuchimbwa na wazungu baada ya kugunduliwa mwaka 1922, Waingereza wakiwa ndio watawala wa Tanganyika. Kwa karibu miaka kumi ilibaki shughuli ya watu wachache: wawindaji wa tembo, walowezi walioishiwa, watu wa kubahatisha. Mbeya mjini kwenyewe kulianza kujengwa mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, na biashara ya machimbo ilikuwa sababu mojawapo kubwa.

Kama dhahabu ilijulikana tangu 1922, kwa nini rashi yenyewe, yaani mbio za watu kukimbilia dhahabu, ilikuja miaka ya 1930? Mchanga haukubadilika. Kilichobadilika ni bei. Hadi Septemba 1931 wakia moja ya dhahabu safi, yaani gramu 31.1, ilikuwa shilingi 85 hivi London, bei iliyofungwa. Mwezi huo Uingereza ikaacha kuifungamanisha pauni na dhahabu, na kufikia 1935 wakia ileile ilikuwa karibu shilingi 140. Marekani nayo mwaka 1934 ikapandisha bei yake kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Kwa hiyo korongo ambalo mwaka 1930 lilikuwa hasara, mwaka 1935 lilikuwa riziki, bila hata jiwe moja kusogea.

Upande wa pili wa mizani, bei za mazao zilikuwa zimeporomoka kwa mdororo wa uchumi wa dunia. Walowezi waliokuwa wakilima kahawa na mazao mengine nyanda za juu waliacha mashamba wakaja Lupa: Waingereza, Wajerumani, Wagiriki, Makaburu. Miongoni mwao alikuwemo George Rushby, mwindaji wa tembo ambaye baadaye, miaka ya 1940, alijulikana kwa kuwasaka simba wala watu wa Njombe. Na ndege zikawa zinafika: njia ya Imperial Airways kwenda Cape Town, iliyofunguliwa mwaka 1932, ilikuwa na kituo Mbeya. Bidhaa inayobeba thamani kubwa ndani ya mfuko mdogo haihitaji reli, na kwa nchi ambayo reli ilikuwa mbali na hapo, hilo halikuwa jambo dogo.

Simulizi za wakati ule zilizoandikwa na wazungu zimejaa wazungu. Hesabu ya makarai hapo juu inatuambia vingine. Mtu mmoja mwenye leseni na hema hawezi kuondoa mita mbili za udongo wa juu, kubeba mchanga hadi kwenye maji na kuuosha. Kazi hiyo ilifanywa na maelfu ya Waafrika: Wasafwa, Wabungu, Wanyiha, Wandali, Wanyakyusa, na wengine kutoka Nyasaland, Malawi ya leo. Serikali ilidai kodi kwa pesa taslimu. Bei ya mazao ilikuwa chini. Ujira wa machimboni ulikuwa karibu kuliko wa mkonge wa Tanga. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusani kati ya 1934 na 1938, waliwakuta vijana wakienda Lupa na kurudi, na pesa zao zikianza kuyumbisha mambo ya ng'ombe, mahari na mamlaka ya wazee. Kwa maoni yangu huo ndio urithi mkubwa zaidi wa mchanga wa Lupa kwa nyanda za juu kusini, kuliko dhahabu yenyewe, ambayo karibu yote iliondoka.

Makorongo rahisi hayakudumu. Dhahabu iliyochambuliwa kwa mamilioni ya miaka ilizolewa ndani ya miaka kumi na kitu. Wenye mtaji wakageukia mlimani, kwenye mikanda iliyokuwa chanzo cha ule mchanga. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956, ukawa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika. Njia ya kuufuata mkanda ilikuwa ileile wanayoitumia wenye subira mpaka leo: unapanda na kijito ukiosha karai kila hatua mia, unahesabu chembe. Zinaongezeka na kuwa na pembe kadiri unavyokaribia. Zikikatika ghafla, umeshapita. Unarudi nyuma, unaanza kuosha udongo wa kilimani, kulia na kushoto.

Vita Kuu ya Pili ilichukua watu, mashine na mafuta. Baada ya vita gharama zilipanda kila mwaka huku dhahabu ikibaki dola 35 mpaka 1971. Miaka 37 ya bei moja. Hakuna mchimbaji anayeweza kustahimili hilo. Saza ikafungwa, wageni wakatawanyika, Chunya ikabaki na tumbaku na ng'ombe, na wachimbaji wachache wa karai.

Kilichofuata ni bei tena. Ilipoachiwa huru ilipanda hadi kuvuka dola 800 mwaka 1980. Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo mwaka 1990. Mwaka 2012 mgodi wa New Luika, karibu na Saza ya zamani, ulianza kutoa dhahabu ya mwambani. Mwaka 2019 yakafunguliwa masoko ya madini, Chunya ikiwemo. Mwaka 2025 wakia ilivuka dola 3,000. Si ajabu makorongo ya babu yanafukuliwa upya.

Je, mto unajijaza?

Turudi kwenye ile imani. Tuseme kuna mkanda wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita moja, una gramu tano kwa tani, umelala wazi juu ya kijito. Ardhi iliyotulia huliwa na mmomonyoko wa asili kwa mita chache hadi makumi kadhaa katika miaka milioni. Chukua mita kumi: ni sehemu moja ya mia ya milimita kwa mwaka. Kutoka kwenye mkanda wetu itaanguka kilo 2.7 za mwamba kila mwaka, zenye dhahabu isiyofika miligramu 14. Gramu moja inataka zaidi ya miaka 70. Hata mikanda ikiwa kumi, ni gramu moja kila baada ya miaka saba, nayo bado haijafika mtoni.

Basi zile chembe za baada ya kifuku zinatoka wapi? Sehemu kubwa ni dhahabu iliyokuwepo. Mafuriko hula kingo ambazo hazijaguswa, yakaleta mchanga wa matuta ya zamani. Huvuruga marundo ya vifusi vilivyoachwa na waliotangulia. Na waliotangulia walipoteza nyingi: mwalo wa haraka hupitisha dhahabu laini, na chembe zilizofungwa ndani ya kwatzi hazinaswi mpaka jiwe lisagwe. Mto haukuzaa kitu, umepekua upya tu. Ndiyo maana mavuno ya kila mzunguko huwa madogo kuliko ya mzunguko uliopita, na chembe huwa laini zaidi.

Ulaini huo ndio uliowafanya watu washike zebaki. Hugusana na dhahabu, ikaishika hata ile laini, zikawa donge la rangi ya fedha. Donge linakamuliwa kwa kitambaa, linachomwa, zebaki inaruka kama mvuke na dhahabu inabaki. Inayoruka huvutwa na anayechoma na waliokaa karibu naye, na huharibu mishipa ya fahamu na figo. Inayomwagika huingia kwenye tope, ambamo vijidudu huigeuza kuwa aina inayopanda kutoka kwa samaki wadogo hadi wakubwa, mpaka sahanini. Kwa Lupa kuna sababu ya ziada ya kuhofu: Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Kinachoingia hakina pa kwenda. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini vichupa bado viko mifukoni. Anayelazimika kuchoma afanyie nje, kwa kifaa chenye bomba la kuurudisha mvuke uwe maji. Si ghali, na zebaki inayopatikana hutumika tena.

Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, sasa huloweshwa kwenye matangi ya sayanaidi ili kukamua kilichobaki. Kitaalamu ni jibu zuri kwa dhahabu laini, ila mchanga uliopitia zebaki kwanza ni balaa kuutia sayanaidi, kwa kuwa sayanaidi huiyeyusha zebaki pia na kuifanya isafiri na maji kwa urahisi.

Kisheria, mtu wa mchanga yuko mahali pagumu kuliko wa mwamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ukingo huo, na kufukua kitanda cha mto ni hivyo hasa. Tope la mialo hufika kwa wanaochota maji na kumwagilia huko chini, na malalamiko yao ni halali. Mwenye nia ya kweli na mchanga wa Lupa, kwa maoni yangu, aangalie yale matuta ya zamani yaliyo nje ya mita hizo: mwamba mama wake hauko ndani ya maji, shimo linaweza kufukiwa, na maji ya kuoshea yanaweza kuzungushwa kwenye bwawa badala ya kurudishwa mtoni. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania kwa miaka saba, nayo inaweza kuhuishwa. Kabla ya kuilipia, chimba mashimo ya majaribio mpaka kwenye mwamba, osha kila tabaka peke yake, na uhesabu makarai.